Waliokimbia vita wameachwa getini

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu lile kongamano la usuluhishi wa migogoro imenitoa kimya. Mmemtaja aliyefungua, aliyefunga na wote waliokaa meza kuu. Mmetukumbusha kwamba Arusha ni Geneva ya Afrika. Lakini nani anagombana na nani, wamekubaliana nini, na nani atafuatilia? Nimeisoma mara mbili, sijaona.

Mji huu una haki ya kuuliza. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa hapa Agosti 4, 1993. Aprili iliyofuata mauaji ya kimbari yakaanza, na tarehe 21 ya mwezi huo huo, watu wakiendelea kuchinjwa, Baraza la Usalama likaamua askari wa Umoja wa Mataifa waliopelekwa kusaidia utekelezaji wa mkataba wapunguzwe wabaki 270. Wa Burundi aliuhangaikia Mwalimu Nyerere mpaka mauti yakamkuta 1999, akaupokea Mandela, ukasainiwa Agosti 28, 2000, Clinton akiwepo. Vikundi vya waasi vya CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki msituni, hawakuwemo. Vita ikaendelea, CNDD-FDD waliafikiana na serikali 2003, na FNL wakasaini Dar es Salaam 2006. Simdharau aliyesuluhisha. Mkataba ule wa 2000 ndio uliosema kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, na rais asizidi mihula miwili. Muhula wa tatu wa rais wa Burundi ulipolazimishwa 2015, wakimbizi wakafurika tena Kigoma, Mzee Mkapa akaitwa kusuluhisha hapa hapa Arusha, na kikao cha Oktoba 2018 serikali ya Burundi haikutokea. Siku ya kusaini kila gazeti huwa na picha. Siku mezani panapobaki viti vitupu, mnakuwa wapi?

Sasa niwaambie yaliyotupata kwenye kongamano hilo mnalolisifu. Nina jirani, mama wa Kirundi anayeuza vitenge sokoni. Tulisikia matangazo kwamba wananchi wote wanakaribishwa. Akafunga biashara, akavaa vizuri, akaniomba nimsindikize. Getini mlinzi akadai beji. Hatukuwa nazo. Akaitwa kijana wa mapokezi, akapekua orodha yake, akasema wananchi wa kawaida wameshawakilishwa. Na nani? Hakujibu, akasema ratiba imejaa. Tukasimama juani huku magari yanaingia, mama wa watu ameshika bahasha yake kifuani. Alikuwa na swali moja tu. Baba yake aliacha shamba Rumonge, huko Burundi, walipokimbia mwaka 1972, na Itifaki ya Nne ya mkataba uliosainiwa katika mji huu inasema mkimbizi anayerudi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Alitaka kujua hiyo haki inadaiwa wapi na kwa nani. Kama swali hilo halina nafasi kwenye kongamano la amani, basi mle ndani walikuwa wanajadili amani ya nani? Na si jambo jipya. Mazungumzo ya Burundi yalipoanza 1998, wanawake waliachwa nje ya meza. Walipambana mpaka Julai 2000 wakakutana hapa Arusha, wanawake wa pande zote, wakampelekea Mandela mapendekezo yao, na mengi yakaingia kwenye mkataba. Miaka yote hii imepita, na bado mwanamke mwenye swali anazuiwa na mlinzi.

Halafu, kwa kuwa nimegusa mageti, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapa Arusha. Novemba 2019 serikali yetu ilitangaza kuliondoa tamko lililomruhusu mwananchi na asasi kupeleka shauri huko moja kwa moja. Mkazi wa mji huu anapita barabarani na daladala akiuona mlango huo, na hawezi kuubisha. Mara ya mwisho gazeti lenu kuliuliza hilo ilikuwa lini?

Ninachodai ni hiki. Waandaaji watenge viti hamsini vya mbele kwa wakimbizi na wachuuzi wanaotoka nchi inayojadiliwa, wawepo wakalimani wa lugha yao, na maswali yao yaulizwe kabla mgeni rasmi hajaondoka. Nanyi, kila Agosti 28, toeni ukurasa wa tatu mzima: kushoto vifungu vya mkataba wa 2000, kulia kilichotekelezwa na kisichotekelezwa. Anzeni na ardhi. Jirani yangu yuko sokoni kila siku isipokuwa Jumapili, na karatasi za shamba la baba yake anazo. Mwandishi wenu akiwa tayari, nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Kijenge, Arusha