Barua ya wazi kwa wazazi vijana: mshusheni mtoto atembee

Wanangu,

Nimevumilia, sasa nasema. Mtoto wa miaka miwili, miguu mizima, kafungwa mkanda kwenye kigari, simu imeshikizwa mbele ya macho. Akigeuza shingo kutazama alikopita, katuni inaongezwa sauti. Mnasema katulia. Mimi naona kanyang'anywa kazi yake.

Mtoto hazaliwi na ramani ya dunia kichwani. Huichora kidogo kidogo. Mwaka 1971 mtafiti wa ubongo John O'Keefe na mwenzake walieleza seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo, ya panya ambazo huamka panya anapofika mahali fulani tu. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti yalichapisha habari za vitoto vya panya vya siku kama 16, vinavyoanza kutoka kiotani. Seli zinazojua kichwa kimeelekea wapi zilikuwa zimeshakomaa. Seli za mahali, zile za O'Keefe, zilikuwepo, bado zikinolewa. Seli za gridi, zinazopima umbali, zilikuja mwisho. Dira kwanza, vipimo baadaye. Nikilifikiria hilo, moyo hunyenyekea.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1963 watafiti Richard Held na Alan Hein walilea vitoto vya paka gizani, wakavitoa kwenye mwanga viwili viwili, vikiwa vimefungwa kwenye mtambo wa kuzunguka. Kimoja kilitembea, cha pili kilikaa kikapuni, kikizungushwa na hatua za mwenzake. Vyote viliona mambo yale yale. Lakini cha kikapuni, kikishushwa kuelekea meza, hakikunyoosha miguu ya mbele kujipokea. Kilikuwa kimeona kila kitu na hakijajifunza! Kilipoachiwa kitembee chenyewe kwenye mwanga, kikajirekebisha. Paka si mtoto, najua. Hata hivyo, nanyi mnajenga kikapu kila siku na kukiita malezi.

Lawama si yenu peke yenu. Tumejenga majumba yasiyo na ua, tukayaachia magari barabara nzima, kisha tunamkaripia mama kwa kumfunga mtoto mkanda. Wenye kupanga miji wanisikie pia.

Basi, wapenzi wangu: mtoto atambae sakafuni. Mwacheni atangulie njia mnayoijua, nanyi mfuate nyuma. Kwenye njia panda muulizeni nyumbani ni wapi, mngoje aonyeshe kidole, hata mkichelewa. Simu ibaki mfukoni.