Barua kwa Wanangu Mnaosomea Uuguzi Hapa Moshi

Wanangu,

Nawasalimu. Nimestaafu uuguzi na ukunga, ila habari za leba bado nazifuatilia. Nasikia wengi wenu mnataka fildi yote muimalizie kwenye hospitali za rufaa za hapa mjini, KCMC au Mawenzi. Sababu naielewa: vifaa vipo, madaktari wapo, na wagonjwa wa kila aina watapita mbele yenu. Someni huko. Lakini ombeni pia kupelekwa zahanati, tena ya mbali: milimani kule Same au nyikani Longido, ambako masika yakianza barabara ya udongo inakuwa ya kubahatisha. Ajira zikitoka, wengi mtapangwa sehemu kama hizo.

Hospitali ya rufaa ukiona damu inamwagika, unaita na watu wanakuja. Zahanati usiku wa manane anayeitwa ni wewe. Mama amejifungua, mtoto analia, ndugu wanapiga vigelegele nje, kumbe chini ya kanga damu haikomi. Je, ulimchoma oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi ili damu isimwagike, yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka? Dawa yenyewe ilikaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, au ilishinda dirishani ikapoteza nguvu? Umelishika tumbo la uzazi ukajua ni gumu au limelegea? Damu ikifika mililita 500 ni hatari, na kwa mama aliyekuwa na upungufu wa damu tangu ujauzito, hatari huanza kabla ya hapo. Msikadirie kwa macho, kanga inanyonya nyingi. Pimeni.

Kwa hiyo nawasihi, fanyeni mazoezi ya dharura mpaka mikono izoee. Shikeni ambu, mfuko ule wa kumpulizia hewa asiyepumua, kila mnapopata nafasi. Mtoto asiyepumua anatakiwa kusaidiwa hewa ndani ya dakika yake ya kwanza, na huo si muda wa kuulizana kifaa kiko kabati gani. Patografu, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, ijazeni uchungu ukiendelea, msingoje mama ajifungue ndipo mjaze ili faili lipendeze. Hili linaniuma sana, maana karatasi ile ndiyo inayokuonyesha mapema kwamba uchungu hausogei, wakati gari bado lina muda wa kufika.

Na rufaa msiionee haya, hata akiwapo wa kusema mmeshindwa kazi.

Ukipangwa Umasaini, jifunze Kimaasai cha leba: sukuma, pumua, unaumwa wapi. Bibi anayemsindikiza mama mpe kiti na umsikilize, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayeamua mkwewe atoke nyumbani saa ngapi.

Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, mnaijua, haina malipo. Siku ya kwanza kituoni, kabla hujafungua begi, uliza dereva wa karibu anaishi wapi, na mvua ikikata barabara anapitia njia gani.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu, Moshi