Barua kwa mwanangu Salim: sindano usiiache

Salim babangu,

Nakuandikia kwa sababu nikizungumza unanijibu "sawa Mama" kabla sijamaliza, na kesho kutwa alfajiri unapanda gari la Eldoret. Jana nililishusha lile kopo la sindano zako za insulini juu ya kabati. Pakiti ya 30 uliifungua Jumatatu. Kwa sindano 2 kila siku, kufikia Jumapili usiku zilitakiwa zipungue 14. Zimepungua 9. Ukiniambia sindano moja uliitumia mara mbili, hilo nalo ni kosa. Lakini nakujua. Uliruka.

Na kilichokutia moyo nakijua. Tangu usome habari za zile chembe za polima, za kufungia insulini ili imezwe badala ya kudungwa, huna neno jingine humu ndani. Ulivyonieleza nilielewa, na nilijivuna, mtoto niliyemlea kwa samaki wa Gikomba anisomeshe kemia huku mimi naparua sato. Kwamba insulini ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga omena. Kwamba wataalamu wanaifungia ndani ya chembe ndogo mno, ipite kwenye asidi ya tumbo bila kuharibika, ifike utumbo mdogo, ipenye mpaka kwenye damu. Uliposema chembe nyingine hutengenezwa kwa kitosani, na kwamba kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa, niliweka kisu chini. Maganda haya haya tunayoyatupa! Ukasema inanata kwenye ute wa utumbo na kulegeza vijia kati ya seli na seli. Na kwamba insulini ya kumeza ingepita kwanza kwenye ini, kama inavyopita ile inayotolewa na kongosho lililo zima, jambo ambalo sindano ya chini ya ngozi haiwezi. Usiku ule nilikuombea uwe mmoja wa watakaoifanikisha.

Lakini kuna mengine uliyasema mbiombio. Kwamba sehemu kubwa ya dawa hupotea njiani. Kwamba inayoingia mwilini leo si sawa na itakayoingia kesho, na chakula tu kinaweza kuibadilisha. Insulini si dawa ya kukisia, Salim. Insulini ikipungua, sukari inapanda; insulini ikizidi, sukari inashuka, unaanguka. Kwamba panya wa maabara sukari yao ilishuka, ila panya si wewe. Na kile kidonge cha kampuni ya Oramed, ambacho nacho kilikuwa njia nyingine ya kumezesha insulini, Januari 2023 kilishindwa kwenye majaribio makubwa, hakikushusha sukari kuliko kidonge kitupu. Tena wale walikuwa na kisukari cha aina ya pili, ambao kongosho lao huwa bado linatoa chochote. Lako halitoi. Basi kiko wapi hicho kidonge, hata uanze kuruka sindano leo?

Unaona haya kujidunga mbele ya wenzako. Mwambie wa chumbani kwako siku ya kwanza, usingoje siku ya kuanguka. Mwonyeshe soda ya sukari unapoiweka. Ramadhani usifunge kabla hujaongea na daktari, na akikukataza usinifiche.

Wiki ile ya mzee wa mizizi, yule mganga, sikusimulii, wodini ulilala wewe. Ila hujawahi kuniuliza chupa yako ya insulini ilikuwa wapi siku zile tatu. Ilikuwa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sinia, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nami nilitaka sana sindano iishe. Pumzi yako ilipoanza kunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, nilidhani ndiyo dawa ya mizizi inafanya kazi, kumbe mwili ulikuwa unakosa insulini. Kwa hiyo nikihesabu sindano usione nakuchunga kama mtoto.

Hosteli uliza habari ya friji. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae humo, lakini zisigande. Uliyoifungua inavumilia kama wiki 4 mahali pasipo joto. Andika tarehe juu yake, kwa kalamu isiyofutika.

Fundi wa paa hajarudi, na pale juu ya kitanda chako panavuja tena. Mwanajuma anakitaka kitanda. Nimemwambia asubiri kwanza uondoke. Baba yako ameiuza cherehani ya marehemu bibi kwa ajili ya karo. Usimuulize bei. Blanketi zito liko chini kabisa ya sanduku, Eldoret kuna baridi.

Chupa 2 nimezifunga kwa taulo kwenye mkoba mdogo wa bluu, pamoja na kipimo cha sukari na sindano zote 21 zilizobaki. Usiuweke kwenye buti la gari. Upakate. Ukifika, pima sukari, jidunge, ule, kisha unipigie unisomee namba.

Mama yako,
Majengo