Glasi ya chai haina rangi ya kijivu

Leiden, Uholanzi
Januari

Baba na mama, shikamooni. Bibi mpeni shikamoo yake peke yake, na mumwambie dawa ya miguu nimeipata, nitampa mtu anayekuja huko mwezi wa tatu. Mimi mzima, ila huku jua linachomoza karibu na saa tatu asubuhi, na saa kumi na moja jioni haijagonga limeshazama. Ada ya kidato nimeituma kwenye simu ya baba, akaangalie.

Mama, umeniuliza tena kwa nini mtu alipwe kuchora chupa wakati kamera zipo. Jibu ni kwamba chupa yenyewe mara nyingi bado haipo. Mwenye marashi anataka tangazo litoke kabla kiwanda hakijatoa chupa hata moja, kwa hiyo tunaletewa vipimo, tunaijenga ndani ya kompyuta na kuiwekea taa, halafu mashine inapiga hesabu mwanga umepita wapi mpaka picha itokee. Mbao, nguo na matofali mtu anajifunza upesi. Kioo ndicho kinachowatoa watu jasho, na ofisini kwetu vioo vyote vinaletwa mezani kwangu. Ndiyo kazi yangu hiyo.

Sasa wewe, mdogo wangu. Picha ya chai ya rangi uliyoichora kwa kidole kwenye simu nimeiona. Kitambaa cha meza umekipatia, chapati umeipatia hasa, mpaka yale madoa ya kuungua. Glasi ndiyo imetoka kama mfuko wa nailoni. Unauliza utumie rangi gani, kijivu au buluu iliyopauka. Usitumie yoyote. Umefanya wanavyofanya wengi: umechora umbo, umelijaza kijivu, umelififisha ili vya nyuma vionekane, kisha ukapiga mistari myeupe pembeni. Jicho linakataa papo hapo. Kioo safi hakiweki rangi yake juu ya vitu. Kinavichukua vilivyo nyuma na ubavuni mwake na kuvihamisha. Kwa hiyo anayechora glasi anachora kitambaa, ukuta na dirisha, vyote vikiwa vimepotoka.

Fanya hivi. Chukua glasi isiyo na nakshi, ijaze maji, tundika kanga nyuma yake kwa umbali wa shibiri moja au mbili, halafu chungulia. Jina la kanga litaonekana dogo na limegeuka, la kushoto limekwenda kulia. Mwaga maji na kanga inarudi karibu kama ilivyo, imevurugika kwenye kingo tu. Hakuna brashi inayoleta kitu hicho. Unanakili leya ya nyuma, yaani lile tabaka la picha lenye vitu vya nyuma, unaigeuza, unaibana ndani ya umbo la glasi.

Kisha angalia kingo zenyewe. Pale ukuta wa glasi unapokupa ubavu, mwanga unapinda sana hata unakuletea kitu cha mbali, pengine kona yenye giza ya chumba. Ndiyo maana pana mstari mweusi mwembamba, na palepale kando yake mstari unaong'aa. Weusi huo ndio unaoisimamisha glasi, na kwenye picha yako haupo kabisa. Wapiga picha za chupa wanalijua sana hili: wanaweka mwanga mpana nyuma ya chupa, halafu wanasimamisha karatasi nyeusi mbili, moja kila upande, nje ya picha. Hizo hazina kazi nyingine ila kuonekana ndani ya kingo. Nami ndani ya kompyuta nasimamisha mbao nyeusi ambazo mteja hatazijua maisha yake yote.

Weupe nao uutoe kwa ubahili. Kioo ukikitazama uso kwa uso kinarudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga kwa kila upande wake; ukikitazama kwa ubavu kabisa kinarudisha karibu wote. Basi mng'ao usiusambaze mwili mzima. Na ule unaouweka uwe na umbo la kitu, dirisha lenye nondo zake kama la sebuleni kwetu, wala si doa la duara tu.

Haya walikuwa wanayajua wachoraji wa hapa muda mrefu kabla ya umeme. Kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, kuna picha ya Willem Claesz. Heda ya mwaka 1635, meza yenye chaza, limau lililomenywa na bilauri ya kioo. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Rangi zake ni chache na zimepauka, kijivu na kahawia na kijani kilichokufa, na ukiisogelea bilauri unaona sehemu kubwa yake ni ukuta wa nyuma tu, umekolezwa kidogo. Yeye na wenzake wa mji wa Haarlem walikuwa na mtindo wa kuonyesha dirisha moja mara mbili kwenye bilauri: limesimama wima upande unaotazama mwanga, na limepinduka kichwa chini upande wa pili, kwa sababu ukuta wa ndani kule umebonyea. Mimi naona wengi wetu wa kompyuta hatujamfikia.

Baba, hili lako. Mashine haijui kioo ni nini, inataka namba: maji 1.33, kioo cha kawaida karibu 1.5, almasi 2.42. Namba ikiwa kubwa, mwanga unapinda zaidi. Kanuni yenyewe ya mwanga unavyopinda hapa inaitwa ya Snellius, mtu wa mji huuhuu, aliyeipata mwaka 1621, na wameiandika kwenye ukuta wa nyumba mjini kwa herufi kubwa. Lakini Ibn Sahl, mtaalamu wa hesabu, alikwisha kuieleza Baghdad karibu mwaka 984, akichunguza vioo vya kukusanyia jua. Najua hilo utalipeleka barazani kabla ya isha.

Narudi kwenye chai, maana ndipo penye utamu. Umechora chai ikiwa ndani, na kati yake na ukingo wa nje umeacha nafasi ya unene wa kioo. Inaingia akilini, ila haionekani hivyo. Kioo kinaikuza chai mpaka inafika kwenye ukingo wa nje kabisa, unene unapotea. Unauona tena juu ya usawa wa chai, na chini kwenye kitako kinene kisicho na chai. Huko kitakoni weka mwanga mwingi na vipande vya kitambaa vilivyokatikakatika. Usawa wa chai nao unapanda kidogo pale unapogusa kioo, chora uzi mwembamba unaong'aa kuzunguka.

Kivuli chako kimetoka cheusi kama cha tofali. Weka chai dirishani saa nne asubuhi jua likiingia na utazame mezani: katikati ya kivuli kuna doa la rangi ya asali, limekolea kuliko chai yenyewe, kwa sababu glasi imeukusanya mwanga mahali pamoja. Doa hilo ndilo linalonichelewesha kulala. Programu yangu inafuata mwanga kinyumenyume, kutoka kamera kwenda kwenye taa, na njia inayopenya glasi na kuangukia taa ndogo inapatikana kwa bahati, hivyo picha inajaa punje nyeupe. Kwenye toleo la mwaka 2022 waliongeza njia ya kusaidia, lakini bado wako wanaolipaka doa kwa mkono na kunyamaza. Wewe wa kidole una nafuu kuliko mimi.

Hiyo programu ni Blender, na asili yake ni hapahapa Uholanzi. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ikakombolewa, na tangu hapo ni mali ya wote, ya bure. Kwenye simu haitaingia, ila kompyuta ya binamu inaiweza polepole. Usiikimbilie lakini. Kwanza ichore chai upya, usiirekebishe ile ya zamani: kitambaa na ukuta uvimalize kabisa kana kwamba hakuna glasi, ndipo uipitishe glasi juu yake. Nitumie pamoja na picha ya kamera ya glasi yenyewe, nilinganishe.

Mama, Jumapili nitapiga mimi, msiunguze salio. Na yule fundi wa bati asilipwe chochote mpaka amalize upande wa jikoni.

Ni mimi binti yenu na dada yenu