Deiwaka aliyebanwa na kijiko naye ana haki ya fidia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na makandarasi wa jiji hili, pamoja na vijana wa deiwaka, yaani vibarua wa kutwa, wanaojipanga alfajiri kwenye mageti ya saiti wakingoja kuitwa.

Mimi ni opereta wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia udongo. Mwaka juzi tulikuwa tunachimba msingi wa ghorofa Kinondoni, malori yanapishana kubeba udongo. Saidia fundi mmoja akapita nyuma yangu kufuata koleo lake, nami nazungusha mashine nimwage. Ule uzito wa chuma wa nyuma ukambana ukutani. Sikumwona wala sikumsikia. Nilisimama kwa kuwa dereva wa lori alikuwa ananipungia mikono yote miwili huku anapiga kelele. Nyonga ilivunjika.

Watu hudhani opereta anaona kote kwa sababu amekaa juu. Kabini iko kushoto, mkono wa mashine unaziba kulia, na nyuma ndiyo kabisa. Ndiyo maana lazima awepo mtu chini mwenye reflekta, asiye na kazi nyingine ila kumwongoza opereta na kuzuia watu. Wetu alikuwepo, ila siku ile alihamishiwa kwenye zege. Nilipaswa kuzima mashine. Sikuzima, na linaniuma mpaka leo.

Kijana alipewa nauli na ujira wa wiki mbili, akaambiwa deiwaka hana mkataba, hana madai. Alidhulumiwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Michango hulipwa na mwajiri peke yake, na kibarua hakuachwa nje. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na madai yafikishwe ndani ya miezi 12. Mwenzetu alikuja kuyajua haya mwaka umeshapita, anatembelea magongo.

Nawaomba makandarasi: jina la kila kibarua liingie daftarini kabla mashine haijawashwa. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wakifika, wasiishie kwenye kofia ngumu. Waombe daftari hilo, na waulize nani anasimama nyuma ya kijiko.

Na ninyi wadogo zangu, msipite karibu na mashine mpaka opereta awatazame usoni na ndoo iwe imetua chini.

Opereta wa kijiko,
Mbagala, Dar es Salaam