Barua kwa mwanangu: Nyundo iliyoanguka kutoka ghorofa ya tatu

Goma, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa kuwa uniti zilikuwa zinakwisha. Nilikusimulia jinsi nyundo ilivyomponyoka msaidizi wangu kwenye ghorofa ya tatu, ikatua katika rundo la mchanga hatua mbili tu kutoka niliposimama, nawe ukauliza: kama kilichoanguka kingekuwa msumari mwepesi, baba, si ungepata muda zaidi wa kukimbia?

Hapana, nisingepata. Kesho yake, wenzangu walipokwenda kula, nilipanda hadi pale pale, nikaachia kwa pamoja msumari mrefu na jiwe la volkano lenye ukubwa wa ngumi, juu ya bati kuukuu nililolitandaza chini, na nikasikia mlio mmoja tu. Jiwe huvutwa na dunia kwa nguvu nyingi kuliko msumari, lakini pia ni gumu zaidi kulitia mwendo, kama vile chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa magunia ya makaa inavyodai jasho jingi kuliko chukudu tupu ili itoke mahali pake; mambo hayo mawili hulingana kabisa, na ndiyo maana vyote viwili huongeza kasi sawasawa.

Mfuko mtupu wa simenti, ndiyo, huelea na kuchelewa, lakini hiyo ni kazi ya hewa: ukunjekunje uwe kama mpira, utaona unavyowahi chini. Mwaka 1971 David Scott, mwanaanga wa Apollo 15, aliachia nyundo na unyoya wa kozi juu ya Mwezi, pasipo hewa, navyo vikafika chini pamoja.

Lililonishangaza zaidi ni muda wenyewe. Katika sekunde ya kwanza kitu huanguka karibu meta 5, katika ya pili meta 15, katika ya tatu meta 25, kwa hiyo anayefanya kazi chini ya ukuta wa meta 20 hana muda mara nne ya yule aliye chini ya ukuta wa meta 5, bali mara mbili tu. Pale kwetu ni kama meta 10, yaani sekunde 1.4, na nyundo hufika chini ikiwa na kasi ya kilometa 50 kwa saa, kasi ya pikipiki inayokimbia. Ndani ya muda huo msaidizi lazima ashtuke, apige kelele, nami nisikie, nielewe, ndipo niruke. (Mimi, nakiri, niliinua macho tu.)

Ukija likizo utapima mwenyewe kwa saa ya simu yako. Kofia yako ya kazi nimekwisha kuinunua. Ni ya njano, na inaweza kukuzidi kidogo.

Baba yako