Mwanangu, hela yako ya jipsamu nimeizika ardhini

Nkuhungu, Dodoma

Mbukwa mama,

Najua ukiona meseji ndefu hivi unaanza kuwaza msiba. Hamna msiba, wote wazima, mama yako kaenda sokoni Majengo ndo maana nimepata nafasi ya kuandika bila mtu kunichungulia begani. Ni kuhusu ile laki nne na nusu uliyotuma ya kupiga jipsamu sebuleni. Ulivopiga jumapili kuuliza fundi kafikia wapi nikakujibu kazi inaendelea, na kweli ilikuwa inaendelea ila siyo ya jipsamu. Hela yako iko nyuma ya nyumba karibu na mpera, mita mbili na kitu kwenda chini, na nyingine iko kwenye kiboksi kidogo cheupe pale koridoni. Usikasirike kwanza, soma.

Unakumbuka ndala za friji? Zile za bluu, zilikuwa zinakaa pembeni ya friji na mtu haruhusiwi kulifungua bila kuzivaa. Ulikuwa darasa la pili ulivokuja kuniambia "baba, friji linaniuma". Nikacheka, nikakwambia vaa ndala. Yani mtu mzima na akili zangu, mtumishi wa serikali, naambiwa na mtoto kwamba umeme unatoka kwenye bodi ya friji, yani lile bati lake la nje, halafu dawa yangu ni ndala, na tukaishi hivo zaidi ya miaka ishirini kama vile ni mila ya Wagogo. Mgeni akija tunamwambia vaa kwanza hizo, anavaa, haulizi kitu, maana na kwake wana zao.

Mwaka 2005 tukaliuza lile friji, tukasema bovu, mama yako akanunua jipya kwa hela ya mchezo, limetoka kwenye boksi kabisa. Wiki ya pili na lenyewe likaanza. Hapo ndo nilitakiwa kujiuliza, friji mbili tofauti zinaumaje sawa sawa? Sikujiuliza. Na kuna kitu kingine tulikuwa tunakiona kwa macho, mvua zikianza mwezi wa 12 friji linatulia, tunasema limepona, kiangazi kikikaza mwezi wa nane wa tisa linarudia, na siku ya mgao wa maji pampu ikiwa inapandisha kwenye simtanki ndo linauma haswa. Vyote tunavijua, hakuna aliyekaa chini akaviunganisha.

Sasa hili nalokwambia mama yako alinikataza. Mwezi uliopita, jumamosi, maji yametoka, pampu inanguruma, yeye kapiga deki yuko peku na miguu imelowa, akashika mpini wa friji atoe bakuli la mlenda. Mkono ukaganda. Hakupiga hata kelele, mimi nilichosikia ni bakuli limevunjika, natoka chumbani namkuta kasimama kakaza shingo macho yamemtoka, nikaenda kumvuta. Huyu mtoto wa dada yako akanipigia ukelele "babu usimshike!" akasukuma ndoo ya rangi mpaka chini ya meini swichi akapanda akaishusha. Miaka kumi na moja. Nasema ukweli mwanangu, mimi ningemshika, na sa hivi mngekuwa mmetuzika wawili. Hospitali walimpima moyo wakasema uko sawa, mkono ulibaki na ganzi siku mbili hivi. Akasema usimwambie mtoto atashindwa kufanya kazi huko. Basi na wewe usimwambie kama nimekwambia.

Jumatatu yake nikatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo wale wa kuelekezwa na bodaboda. Akaja binti tu, amesoma VETA, mdogo kwako. Nikasema moyoni hapa nimepigwa. Kazima meini, akaniuliza "baba, ethi rodi yenu iko wapi?", yani ile fimbo ya chuma ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Nikampeleka nyuma ya nyumba kwa kujiamini kabisa, nikamwonyesha. Akainama, akaishika, akaitikisa, ikaanza kutoka na mkono mmoja.

Ilikuwa nondo. Kipande cha nondo ya milimita 12, hakifiki hata futi mbili na nusu, na waya umeviringishwa tu juu yake hamna klempu, kutu tupu. Na aliyeiweka namjua vizuri kwa sababu ni mimi. Mwaka 98 tunafanya waya ringi, fundi aliniandikia rodi ya kopa kwenye listi, nikaona bei, nikamwambia acha, nondo zimebaki za lenta pale, chuma ni chuma. Akacheka akapiga nyundo. Ndo mwaka ule umetoka kwenye mvua za Elnino, ardhi yote imelowa, hata kijiko ungechomeka kingefanya kazi.

Kabla hajaing'oa yote alipima. Ana kimashine, anachomeka vijiti viwili ardhini mbali mbali, anavuta waya mpaka kwenye nondo, anabonyeza. Ikasoma omu 410, omu ndo kipimo cha umeme unavyozuiwa kupita. Nikamuuliza nzuri au mbaya, akachukua kalamu akanifanyia hesabu ukutani, bado ipo pale nimekataa isifutwe. Volti 230 gawa kwa 410, unapata kama nusu ampia. Sasa breka ya soketi zetu ni ya ampia 32. Kwa hiyo fezi, ule waya unaoleta umeme, ikigusa bodi ya friji, umeme unaokimbilia ardhini ni nusu ampia tu, breka inaona kama kuna mtu kawasha taa, haishtuki, na bodi inabaki na karibu volti zote inakungoja wewe na miguu yako mibichi. Na binadamu hahitaji nusu ampia. Ukigawa ampia moja vipande elfu, vipande 30 vikipita kifuani muda kidogo moyo unaweza kupoteza mapigo.

Mi nilikuwa najua ethi ni mapambo ya kumridhisha mkaguzi. Kumbe ethi ndo njia ya kukimbilia. Umeme ukivuja uwe na barabara pana ya kwenda ardhini kuliko kupitia kwa mtu. Na nyumba kama yetu ethi ni ya kwako mwenyewe, huletewi kutoka kwenye nguzo, unachimba kwako kwenye udongo wako, na udongo wetu si unaujua, mwekundu, mkavu kama ugoro kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ndo ile habari ya friji kupona masika.

Ila lililoniumiza zaidi ni hili. Waya zote za ethi za nyumba zinakutana sehemu moja, friji, pasi, jiko, pampu, zote. Ethi ikiwa nzima hilo ni jambo jema. Ikiwa nondo yangu, basi kitu kimoja kikivuja kinagawia wenzake wote. Friji halikuwahi kuwa na kosa mama. Lile la kwanza tuliliuza bure.

Basi tukachimba. Shimo la kwanza tukagonga jiwe kwenye mita moja, tukahamia kwenye mpera pale maji ya kufulia yanapomwagwa. Rodi nne za kopa, ya mita 1.2 kila moja, zimeungwa mbili mbili, kwa hiyo kila shimo inazama mita 2.4, na mashimo yameachana mita tatu kwa sababu zikikaribiana zinanyang'anyana udongo ule ule. Mzee jirani si unamjua, akaja na gunia la mkaa na kilo tano za chumvi, anasema enzi zao ndo ilikuwa hivo. Binti akamsikiliza kwa adabu zote halafu hakuweka, akaniambia pembeni chumvi inasaidia miaka miwili, mvua inaiosha, na ikibaki inakula kopa na klempu. Mkaa tumechomea nyama. Juu ya kila rodi amejengea kashimo ka zege na mfuniko ili uweze kufunua ukaangalia klempu, na mfuniko ni mzito makusudi kwa sababu ya hawa wa vyuma chakavu.

Akapima tena. 41. Nikapiga makofi peke yangu kama mjinga, nikamwambia kazi imeisha. Akasema gawa tena baba. 230 kwa 41, haifiki ampia sita. Breka ya 32 bado imelala. Ndo akatoa kile kiboksi cheupe, RCD, ya miliampia 30, yani vile vipande 30 vya ampia. Hii haingoji ampia nyingi, inalinganisha umeme uliotoka kwa fezi na uliorudi kwa nyutro, vikipishana tu kwa zile 30 maana yake kuna uliopotelea kwenye ardhi au kwenye mtu, inakata, haichukui hata theluthi ya sekunde. Ina kitufe kimeandikwa T, natakiwa kukibonyeza kila baada ya miezi mitatu nione kama inakata kweli, mimi nabonyeza kila nikiingiza LUKU, mama yako anasema nitaiua. Sasa isikudanganye, ukishika fezi mkono huu na nyutro mkono huu RCD haitajua, kwake wewe ni balbu tu.

Alivoiwasha mara ya kwanza, ikakata. Akawasha, ikakata. Mama yako yuko mlangoni anasema haya, mmeniharibia nyumba yangu. Binti akazima breka zote akaanza kupandisha moja moja, taa sawa, soketi za vyumbani sawa, ya jikoni na friji lake, sawa! Ya pampu, pa. Ikakata. Tukafungua pampu, koili imepauka, ina unyevu, insulesheni imebanduka inavujisha kidogo kidogo kwenye bodi, sijui ni tangu lini. Akasema hicho kidogo ndo kimemuokoa mama, ingegusa moja kwa moja yangekuwa mengine. Siku zote hizo tunalivalia ndala friji, anayetuuma yuko nje chini ya tanki. Pampu ya zamani nayo ilikuwa hivo hivo nadhani, hatutajua.

Mengine madogo. Soketi ya tivi sebuleni kuna fundi alikuja akakuta haina waya wa ethi, akachukua kipande akaunganisha tundu la ethi na nyutro humo humo ndani, ukipima inaonekana ipo. Siku nyutro ikikatika kule nguzoni, bodi ya kitu ulichochomeka inakuwa fezi. Imetolewa, amevuta waya mpya. Na waya zetu ni za rangi za zamani, nyekundu fezi, nyeusi nyutro, alizoongeza ni za sasa, kahawia fezi na bluu nyutro, amebandika karatasi kwenye boksi kueleza, kwa hiyo fundi mwingine akija asijifanye anajua.

Sasa tuje kwako. Hapo Mwanza ulipopanga nilivokuja mwezi wa nne niliona vitu viwili nikanyamaza kwa sababu sikuwa najua. Cha kwanza, plagi ya chaja yako ya miguu miwili unafungua soketi kwa kuchomeka peni tundu la juu. Lile tundu la juu ni la ethi, mguu wake umefanywa mrefu makusudi utangulie kuingia na ufungue milango ya fezi, sasa we unaifungua kwa peni. Nunua adapta. Cha pili ni ile shawa ya maji ya moto. Kitu cha kilowati tano hivi, kinachemsha maji na element iko humo humo kwenye maji, na wewe umesimama chini yake umelowa mwili mzima. Nilioga siku mbili pale nikasikia vidole vinawasha nikigusa koki, nikajua ni uzee. Siyo uzee. Usiitumie. Zima swichi yake, chemsha maji kwa jiko uoge na ndoo kama tulivokulea, halafu mwambie baba mwenye nyumba alete fundi apime ethi na afunge RCD, akigoma kununua mwambie utanunua wewe mkatane kwenye kodi. Usifungue kitu mwenyewe na usimruhusu yule rafiki yako "anayejua umeme". Nipigie picha meini swichi ilivo, yule binti kasema atakuangalizia kama kuna RCD au hamna.

Jipsamu tutapiga nikipata hela ya zabibu, msimu ukikubali. Kwa sasa ukija utakuta dari ni ile ile ya mabaka ya popo.

Friji nimelishika peku, miguu mibichi, pampu inanguruma, mara tatu. Baridi tu. Ndala nilizitupa jalalani siku ile ile. Jioni nikazikuta zimeoshwa, zimerudi pale pale pembeni ya friji, na mama yako anapika hata haniangalii. Sijamuuliza.

Geti hilo, amerudi. Futa hii ukishasoma.

Baba yako